Dakika Arobaini Msalani

Siku hiyo mjinga alikuwa mimi. Nalisema mapema ili msomaji asipoteze nguvu kumtafuta mwingine. Mezani tulikuwa watu sita, na watano walikuwa na akili zao timamu.

Kama ungepita katika ule mtaa wa Tainan saa saba mchana, ungemwona mwanamume wa miaka sitini na mmoja, ndani ya suti nyeusi ya kwendea harusi na misiba, tai imemhamia begani, anakimbia katikati ya pikipiki zilizoegeshwa huku ameinyoosha kadi ya plastiki mbele yake, kana kwamba kadi ndiyo inayomvuta. Jua lilikuwa limeshuka likakaa juu ya lami. Mwanamke aliyekuwa akiuza maandazi ya mvuke pembeni mwa barabara aliniona nikipita kwenda, akaniona nikipita kurudi. Mara ya pili alinipungia mkono. Tulikuwa tumeshazoeana.

Jina langu Pyo Deokbae. Ninakata vioo Daegu, miaka thelathini na minne sasa, na vidole vyangu vina makovu mengi kuliko ramani ina barabara. Nimewahi kufilisika mara mbili na kuvunjika mguu mara moja, na yote matatu yaliniachia kitu kimoja: siwezi kutulia mahali mpaka nijue bili iko wapi.

Maana kwetu bili hailipwi, huibwa. Mtu anayejiheshimu huinuka kabla ya matunda kuletwa, akasema anakwenda msalani, akapita kaunta, akalipa, kisha akarudi akikausha mikono ambayo haikulowa. Wenzake wakigundua, hulalamika kwa sauti ya kutosha kusikika meza ya tatu, na huko kulalamika ndiko kushukuru kwenyewe. Nimekwenda msalani mara nyingi maishani mwangu bila haja yoyote. Siku hizi nikienda, ujue ni haja.

Binti yangu Haesol anafanya kazi Taiwan, na huko akampata Shengyu, kijana mpole aliyesoma miaka minne hapa kwetu Daegu na kurudi kwao na Kikorea kizuri kuliko cha baadhi ya wateja wangu. Wakataka kuoana. Ikabidi wazazi wa pande mbili wakutane, wale pamoja, na baada ya kula waitaje tarehe. Chakula hicho si cha kujaza tumbo. Watu huvunja uchumba kwa sababu ya namna mama fulani alivyoweka kijiko chini. Haesol alinipigia simu wiki mbili kabla.

"Baba, nakuomba jambo moja."

"Omba hata mawili."

"Moja tu. Usilipe."

"Nisilipe nini?"

"Unajua nasema nini. Huku wenyeji ni wao. Baba yake Shengyu ameiandaa siku hiyo mwezi mzima. Mwache mzee wa watu."

"Nimekusikia."

"Kusikia umesikia. Umekubali?"

"Mwanangu, simu inakatika."

Simu haikuwa inakatika.

Wakati huo kadi ilikuwa imeshanikaa kichwani. Aliyenitia maradhi hayo ni Dalsu, kinyozi ambaye duka lake linapakana na karakana yangu. Alikuwa ametoka kutalii ng'ambo, Da Nang, na wenzake wa kupanda milima, na tangu arudi alikuwa anamwonyesha kadi hiyo kila mteja aliyekaa kwenye kiti chake, akiwa na wembe mkono wa pili, kwa hiyo hakuna aliyembishia.

"Unatia pesa ya nyumbani kupitia simu," alinieleza. "Siku bei ikiwa nzuri unaigeuza iwe pesa ya huko unakokwenda. Inakaa humo inakungoja. Ukifika, unagusisha tu. Hakuna foleni ya benki, hakuna kufunga noti kiunoni kama mkimbizi."

"Na mwizi?"

"Hapo ndipo utamu ulipo. Ukimaliza kulipa, unaifunga kwa simu. Mwizi akiiokota, ameokota plastiki."

"Na mimi nikitaka kulipa?"

"Unafungua. Namba sita za siri. Hata wewe utaweza, Deokbae."

Miezi miwili mizima niliilisha kadi ile kama mtu anayelea kifaranga. Nilikuwa naacha kioo nusu kimekatwa, navua glavu, natazama bei ya dola ya Taiwan, nageuza kidogo, navaa glavu. Baada ya nusu saa navua tena. Mke wangu Bongnim alikuwa akipita na ndoo yake ananitazama.

"Ukiendelea kuikodolea macho hivyo, itashika mimba."

"Wewe cheka. Tukifika huko utaniona."

"Baba Haesol, chukua hata noti mbili tatu tuweke kwenye mkoba."

"Noti za nini? Dunia imehama."

"Imehamia wapi?"

"Kwenye simu."

"Na simu ikigoma?"

"Haigomi. Simu si mwanamke."

Alinitazama kidogo, akaendelea na ndoo yake. Noti hatukubeba hata moja. Nililisimamia hilo mwenyewe, nikapekua hadi soksi zake.

Kama mtu angeniuliza kwa nini nilikuwa nahangaika hivyo, sababu yangu ilikuwa safi kama kioo kilichotoka kusuguliwa. Nina binti mmoja. Anakwenda kuishi ng'ambo, miongoni mwa watu wasiojua karakana yangu wala jina langu. Sikutaka mtu wa huko adhani tumemtoa kwa sababu nyumbani sahani zilikuwa hazitoshi. Meza ile ningeilipia mimi, samaki hadi chai, na wangejua ametoka kwa watu. Hiyo ndiyo sababu niliyokuwa nayo mdomoni. Kama kulikuwa na nyingine nyuma yake, sikugeuka kuitazama.

Tulipotua, binti wa kibanda cha laini za simu alichomoa laini yangu ya Korea, akaibandika kwa utepe kwenye kipande cha karatasi, akaniwekea ya Taiwan kwa kuwa ilikuwa rahisi mara tano. Bongnim aliichukua ile ya zamani, ndogo kama ukucha, akaitia kwenye kikopo cha dawa zake za presha. Nikanunua maji kwa kadi. Ikakubali. Nikaifunga. Nikanunua yai lililochemshwa kwenye chai, si kwa njaa, bali nione kama itakubali tena. Ikakubali. Hadi tunafika hotelini nilikuwa nimekula mayai manne.

Asubuhi ya siku yenyewe nilibadilisha namba ya siri, kwa sababu kijana mmoja kwenye lifti alikuwa ametazama simu yangu.

"Alikuwa anatazama tumbo lako," Bongnim alisema.

Sikumsikiliza. Nikaweka tarehe ya kuzaliwa ya mke wangu, nikajiona mume mwema.

Mzee Ou, baba yake Shengyu, anafuga samaki kwenye mabwawa nje ya mji. Alikuja amevaa shati jeupe lenye mikunjo ya dukani, na aliponishika mkono nilihisi kiganja kilichokatwakatwa kama changu, isipokuwa changu kimekatwa na kioo na chake na magamba na mapezi. Mkewe, Bi Ou, alikuwa mwanamke mnene mchangamfu aliyekuwa akizungusha ile meza ya duara bila kuchoka ili kila sahani isimame mbele ya Bongnim. Kando ya sahani ya Mzee Ou palikuwa na kalenda ndogo nyekundu ya kutazamia siku njema. Aliileta mwenyewe. Ilikuwa haijafunguliwa, na wote tulijua itafunguliwa baada ya samaki.

Ningekuwa mtu mwingine, ningeifurahia saa ile ya kwanza. Haesol alikuwa anacheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu akiwa shule. Shengyu alikuwa anatafsiri huku na huku mpaka chakula kikampoa.

"Baba anauliza, kioo kigumu kukata ni kipi?"

"Mwambie kile ambacho mteja amekaa pembeni anakitazama."

Mzee Ou alicheka polepole, kama mtu anayelipa kicheko kwa awamu. Kisha nikamwona anapapasa mfuko wa shati. Alipapasa mara moja, akaacha. Baada ya dakika mbili akapapasa tena. Nikatazama vizuri: bahasha. Na mimi mkono wangu ulikuwa juu ya mfuko wangu wa koti. Tulikuwa wanaume wawili wazima tunaojipapasa vifua mbele ya familia zetu, na kila mmoja alikuwa ameshamwona mwenzake.

Tangu hapo sikuonja kitu. Nilimeza tu. Kila alipovuta kiti chake mbele, goti langu liliruka. Samaki alipoletwa, mzima, amelazwa kwenye tangawizi, Mzee Ou akaweka viganja vyake viwili ukingoni mwa meza, jinsi mtu anavyofanya anapotaka kusimama.

Nikasimama kabla yake.

"Samahanini. Msalani."

Haesol alinitazama kwa jicho moja. Nikalikwepa.

Kaunta ilikuwa karibu na mlango, nyuma ya tangi la kaa. Nilimwonyesha mwanamke wa kaunta meza yetu kwa kidole, nikamwonyesha kifua changu, nikatoa kadi kama mtu anayetoa nishani. Akaigusisha. Mashine ikalia mlio mfupi wa dharau. Akaigusisha tena. Akanigeuzia kioo cha mashine nijionee mwenyewe kwamba imekataa.

Nikakumbuka kuwa niliifunga. Nikacheka, nikampa ishara kwamba mambo ni mazuri, nikatoa simu kuifungua. Namba sita za siri.

Hapa lazima niseme kwamba mke wangu, kama wengi wa rika letu, ana siku mbili za kuzaliwa. Ipo ya kalenda ya mwezi, ambayo nampikia supu ya mwani kila mwaka, au angalau nanunua mwani. Na ipo ya kwenye kitambulisho, ambayo ni ya miezi minne baadaye, kwa kuwa enzi hizo mtoto aliandikishwa alipoonekana ameamua kuishi. Asubuhi ile niliweka mojawapo. Ipi, sikuwa na hakika hata kidogo.

Nikajaribu ya supu. Ikakataa. Nikajaribu ya kitambulisho, kidole kikateleza kwa jasho, ikakataa. Nikafikiri basi labda niliigeuza ile ya mwezi katika kalenda ya kawaida, nikahesabu kwa vidole mbele ya kaa, nikaandika. Ikakataa, na safari hii simu ikanijibu kwa heshima zote: kwa usalama wako, tumetuma namba ya muda kwenye laini yako ya simu uliyojiandikishia.

Laini niliyojiandikishia ilikuwa kwenye kikopo cha dawa za presha.

Mtu mwenye akili angerudi mezani, angeketi, angekula samaki. Nilitazama nyuma kupitia tangi. Kwa upande wa pili wa maji Mzee Ou alikuwa bado amekaa, viganja juu ya meza. Nikaona nina muda. Hoteli ilikuwa mitaa mitano tu. Mlangoni palikuwa na teksi, dereva akanipigia ishara ya noti kwa kusugua vidole viwili. Basi nikakimbia.

Sitasimulia mbio zenyewe. Yule mwanamke wa maandazi anaweza kuzisimulia vizuri zaidi. Nilifika chumbani nimelowa kama niliyevuliwa bwawani kwa Mzee Ou. Nikamwaga kikopo kitandani. Nikaipata laini, nikagundua kwamba kitundu cha simu kinafunguliwa kwa sindano, nikatafuta sindano, nikaipata kwenye kile kifurushi cha nyuzi ambacho hoteli huweka na hakuna mtu anayekitumia. Laini ikanidondoka. Nikapiga magoti ndani ya suti, nikapapasa zulia, nikaitafuta chini ya kitanda nikiwa nimelala kifudifudi, na ndipo kwa mara ya kwanza wazo liliponijia kwamba kuna watu watano wananingoja nirudi kutoka msalani.

Nikaipata. Nikaiweka. Simu ikawaza kwa muda mrefu, kisha ikaanza kulia mfululizo. Namba ya muda ilikuwa ya kwanza. Zilizofuata zilikuwa za Haesol.

"Baba uko wapi."

"Shengyu amekutafuta msalani. Hupo."

"Kama kuna kitu kimekuudhi niambie mimi kwanza."

"Mama yake anauliza kama ni samaki."

"Baba yake anasema kama hujawa tayari tarehe inaweza kungoja. Baba."

Hilo "Baba" la mwisho lilikuwa limesimama peke yake, bila neno lingine mbele yake. Niliketi juu ya vidonge vya mke wangu nikalitazama. Haesol alikuwa na miaka sita alipopotea sokoni, na nilipompata hakuwa analia. Alikuwa amesimama wima kando ya mizani ya muuza dagaa, akitamka neno hilo hilo, kwa sauti ile ile, kila mara mtu alipopita. Hakuwa anamwita mtu. Alikuwa analishikilia tu lisije likaanguka.

Ningempigia hapo hapo. Ndivyo mtu angefanya. Nilimwandikia "Nakuja", halafu, nisameheni, nikaingiza namba ya muda, nikaifungua kadi kwanza.

Nilirudi dakika arobaini zimekwisha. Hakuna aliyekuwa amekula. Hilo ndilo lililonipiga, kuliko jua. Supu ilikuwa imeshika utando, mboga zilikuwa zimenywea, na yule samaki alikuwa amelala vile vile nilivyomwacha, hajaguswa hata shavuni, kwa sababu mgeni mkubwa alikuwa hajarudi na hawa ni watu wenye adabu zao. Bi Ou hakuwa anazungusha meza tena. Bongnim alikuwa amekaa ameweka mikono mapajani, amenyooka. Haesol hakuinua uso. Na ile kalenda nyekundu ilikuwa haipo kando ya sahani.

Mzee Ou alisimama. Akasema maneno machache, ametazama kitambaa cha meza. Shengyu alikawia kuyatafsiri.

"Baba anasema, kama kuna jambo, liseme tu. Anasema sisi ni watu wa mabwawa. Hatuna vingi. Lakini kama tumekukosea, angependa akijue alichokosea."

Nilikuwa na visingizio viwili vitatu tayari; nilikuwa nimevitunga njiani. Tumbo. Simu ya dharura kutoka karakana. Nikamtazama mzee yule na shati lake la mikunjo ya dukani, masikio yamemwiva, nikaona siwezi kumpa hata kimoja.

"Shengyu, mwambie baba yako nilikwenda hotelini."

"Hotelini kufanya nini, Baba?"

"Kufungua kadi."

"Kadi gani?"

Nikaitoa nikaiweka mezani, kando ya samaki. Nikaeleza yote: msala usio msala, kufuli la simu, siku mbili za kuzaliwa, kikopo cha dawa, sindano. Shengyu akaishiwa maneno katikati. Nikamgeukia binti yangu.

"Haesol, msaidie. Tafsiri."

"Naona aibu, Baba."

"Aibu ni yangu. Wewe zungumza tu."

Akatafsiri, uso ameufunika kwa mkono mmoja, sauti inapita kati ya vidole.  Alipomaliza, Bi Ou akauliza kitu.

"Mama anauliza," Shengyu alisema, "kwa hiyo si samaki?"

"Mwambie samaki hata sijamwonja."

Bi Ou akashusha pumzi iliyotikisa mabega yake yote, akamwita mhudumu, akamkabidhi samaki akapashwe moto, na aliporudi kwenye kiti chake alikuwa anacheka mpaka anajifuta macho kwa kitambaa cha meza. Haesol naye akacheka, kicheko cha hasira. Mzee Ou hakucheka. Alitazama magoti ya suti yangu, yaliyokuwa na nyuzi za zulia. Samaki alipoletwa tena, alikata kipande cha tumboni, kile laini chenye mafuta, akakiweka katika bakuli langu kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akainama, akaitoa kalenda chini ya kiti, akairudisha kando ya sahani. Hakuifungua.

Nilikula. Kilikuwa kitamu kiasi kwamba nilikasirika.

Ungedhani mtu akishaonyeshwa shimo hivyo atalizunguka. Lakini kadi sasa ilikuwa imefunguliwa. Nilikuwa nimeikimbilia mitaa kumi, kwenda na kurudi, na ilikuwa imelala mfukoni ikinipasha joto. Matunda yalipoletwa, Mzee Ou alisimama waziwazi, bila kutaja msala, akaelekea kaunta. Nikamfuata. Nilijiambia nakwenda kumsindikiza.

Mwanamke wa kaunta alipotuona wote wawili, alirudi nyuma hatua moja. Mzee Ou akaweka bahasha. Nikaweka kadi juu ya bahasha. Akaiondoa kadi, akaweka bahasha juu. Tuliendelea hivyo kwa muda, bila neno, kama watoto wanaopangana mikono. Vijana wetu wakaja mbio.

"Baba," Haesol alisema, "leo leo tena?"

"Nimeshailipia kwa jasho. Bado kuthibitisha tu."

Mzee Ou akasema kitu, haraka, mara ya kwanza nikasikia sauti yake ikipanda. Shengyu akatafsiri. "Baba anasema meza hii alianza kuilipia tangu alipovua samaki wa kwanza mwaka huu. Kila mauzo aliweka kidogo pembeni."

"Mwambie mimi nimeanza kuilipia tangu Haesol azaliwe."

"Hiyo nisiitafsiri, Baba."

"Itafsiri," Haesol alisema. "Na yeye asikie."

Akaitafsiri.  Vidole vya Mzee Ou vikalegea. Akaichukua bahasha, akaifuta vumbi ambalo halikuwapo, akaanza kuikunja mara mbili, polepole, pembe juu ya pembe, aiingize mfukoni. Zilikuwa noti mpya; nilisikia zikikwaruzana. Nyuma yake Shengyu alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama viatu vya baba yake. Nilikuwa nimeshinda. Nilimsukumia mwanamke wa kaunta kadi, akainyanyua kuelekea mashine.

Mkono wa Bongnim ukaifunika mashine. Sikuwa nimemwona akija. Alikuwa na mkoba begani kama mtu aliye tayari kuondoka.

"Mama Haesol, ondoa mkono. Tunamaliza."

"Unamaliza nini?"

"Hii ni heshima ya binti yako."

"Siku wazazi wetu sisi walipokutana," alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi, "baba yako alikuja na noti zake mpya amezifunga kwenye leso, na baba yangu akamwahi kaunta. Mpaka tunamzika baba yangu, hukuwahi kumaliza bakuli la wali nyumbani kwake. Haya, gusisha kadi yako, halafu uniambie Shengyu akija kwetu nimpikie wali kiasi gani."